Gridi Inasingiziwa

Taja lori la umeme mbele ya wenye malori wa Changamwe au Kurasini, utajibiwa mambo mawili kabla hujamaliza sentensi. La kwanza: umeme wenyewe uko wapi? Wa kuwasha taa unakatika, seuze wa kuvuta tani arobaini. La pili: nikifika Mtito Andei au Mikumi betri imeisha, nitachaji kwa nani? Serikali ijenge kwanza vituo barabarani, nasi tutanunua. Majibu haya yamerudiwa mikutanoni, redioni na kwenye vijiwe vya madereva hadi yamekuwa mambo yasiyodaiwa ushahidi. Anayeyahoji huonekana amesoma mno vipeperushi vya wauza magari.

Nami nayahoji. Umeme wetu unakatika, hilo silikatai. Wala simwambii mtu kwamba njia ya Mombasa hadi Malaba ina chaja za kutosha. Ninachosema ni kwamba majibu yote mawili yanatazama pasipo na swali. Huyu anatazama bwawa, yule anatazama barabara kuu, na katikati yao ipo yadi: pale penye geti, mlinzi, tangi la dizeli na malori yaliyolala. Ni yadini ambako lori la umeme litawezekana au litashindikana, na ni yadini ambako mwenye mali anaweza kufanya jambo bila kumsubiri waziri.

Kwanza tukubaliane kwamba hatuzungumzii ndoto. Nchini China, mwaka 2024 peke yake, yaliuzwa malori mazito zaidi ya 80,000 ya nishati mpya, na sehemu kubwa ya hayo ni ya betri. Uingereza imekwisha kuamua kwamba malori mapya ya dizeli ya hadi tani 26 hayatauzwa tena kuanzia mwaka 2035, na mazito zaidi ya hapo kuanzia 2040. Kiwanda cha Wörth, Ujerumani, kilianza mwishoni mwa 2024 kutoa Mercedes-Benz eActros 600 kwa wingi, lori lenye betri ya uniti 621 ambalo mtengenezaji wake anasema litakwenda kilomita 500 na mzigo bila kuchaji njiani. Gari lipo. Bei yake bado inauma, sitaificha, lakini lipo.

Sasa tazama malori hayo yanafanya kazi wapi. Mengi ya yale ya China hayavuki nchi. Yanazunguka kati ya bandari na ghala, mgodi na kiwanda, kiwanda cha chuma na reli. Yanarudi pale pale kila siku. Ulaya nako, Umoja wao una sheria iliyoanza kutumika Aprili 2024 inayozitaka nchi wanachama ziwe na vituo vya kuchaji magari mazito kila baada ya kilomita 60 kwenye barabara zao kuu za msingi ifikapo mwisho wa 2030. Hiyo ndiyo sheria ambayo wenzetu huitolea mfano wakisema: unaona, wao wamejengewa. Lakini waliokwisha kununua malori ya umeme hawakusubiri 2030. Wengi wao wanachaji kwenye yadi zao wenyewe, usiku, kwa sababu ambayo dereva yeyote anaijua: lori likiwa barabarani liko kazini, na saa ya lori lililo kazini ni ghali kuliko saa ya lori lililolala.

Hatuhitaji hata kwenda mbali. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza majaribio Nairobi Machi 2022 yakiwa mawili tu. Hayakungoja barabara ya Thika ipandwe chaja kila kilomita kumi. Yanalala depo, yanachomekwa usiku, asubuhi yanaingia barabarani na abiria hana habari. Basi si lori, nakubali. Lina uzito mdogo na njia inayojulikana. Lakini swali la mahali pa kuchajia lilijibiwa na uwanja wa kulala magari, na hilo ndilo ninalolitaka hapa.

Turudi kwenye jibu la kwanza, kwamba umeme hautoshi. Katika kauli hiyo fupi kuna malalamiko matatu yaliyofungwa pamoja: umeme unaozalishwa, waya unaoufikisha getini, na uhakika kwamba utakuwapo ukiuhitaji. Kila moja lina jibu lake, na anayeyachanganya hatapata jibu la lolote.

Uzalishaji ndio mwepesi kuliko yote. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Kenya nako, matumizi ya kilele, yale ya saa mbili usiku kila nyumba ikiwa imewasha taa na televisheni, yamepita megawati 2,300. Kisha watu wakilala yanashuka, na pale Olkaria mvuke unaotoka ardhini huachiwa uende zake hewani kwa kukosa mnunuzi. Mvuke huo ndio umeme wa lori. Unapatikana saa zile zile ambazo lori limeegeshwa na dereva amelala. Kwa hiyo anayesema nchi haina umeme wa malori anazungumzia saa mbili usiku, wakati malori yanataka wa saa nane.

Lakini umeme wa Rufiji haumfikii mwenye yadi wa Kurasini kwa kuwa tu bwawa limejaa. Kuna waya, nguzo na transfoma, na hapa ndipo hofu ya watu ina mashiko kidogo. Nasema kidogo kwa sababu hofu yenyewe mara nyingi imejengwa juu ya hesabu mbovu.

Hesabu mbovu huenda hivi. Mtu ana malori kumi. Ameona mtandaoni chaja ya kilowati 350, ile inayojaza lori huku dereva akinywa kahawa. Anazidisha: kumi mara 350, kilowati 3,500. Anaipeleka kwa mhandisi wa shirika la umeme, naye anatikisa kichwa, maana mzigo huo ni sehemu kubwa ya uwezo wa laini ya kilovolti 11 inayolisha mtaa mzima. Itabidi laini mpya, pengine msongo wa kilovolti 33, njia ya kupitishia nguzo, fidia, miezi isiyohesabika. Mwenye malori anarudi nyumbani na ushahidi mkononi: si niliwaambia, umeme hautoshi?

Chukua sasa malori hayo hayo kumi, tuyape kazi halisi. Yanabeba makontena kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, umbali wa kama kilomita 90, na kurudi. Ukiongeza mizunguko ya mjini, weka kilomita 200 kwa siku kwa kila lori. Lori la umeme lenye mzigo hula kati ya uniti moja na uniti moja na nusu kwa kilomita, kutegemea uzito, mlima na mguu wa dereva. Tuweke 1.3. Kila lori litarudi likidai uniti 260, yote kumi 2,600. Chaja na betri hupoteza kidogo kwa joto, basi ongeza kama asilimia kumi, ufikie 2,900 hivi. Uniti hizo zigawe kwa saa nane, kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Unapata kilowati 363.

Kutoka 3,500 hadi 363. Malori yale yale, kazi ile ile. Mzigo wa pili unabebwa na transfoma moja ya kVA 500, kifaa ambacho shirika la umeme hukifunga mjini kila siku kwa ajili ya majengo ya ghorofa na karakana, na kinabaki na nafasi ya taa za yadi, ofisi na kompresa ya matairi.

Tofauti ya hesabu hizi mbili haiko kwenye lori, iko kwenye saa. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa jambo hili, maana ndivyo anavyoishi na maji: bomba la mtaani ni jembamba, yanatoka usiku kwa shinikizo dogo, lakini asubuhi simtanki la lita 5,000 limejaa. Hakuna aliyewahi kudai bomba la zimamoto ili ajaze simtanki. Chaja ya kilowati 350 ni bomba la zimamoto. Hata betri ya uniti 621 ikirudi tupu kabisa, kuijaza kwa saa kumi kunataka kama kilowati 62 tu, na lori la Kwala halirudi tupu.

Na si lazima malori yote yavute kwa pamoja. Chaja za kisasa za yadi huunganishwa na programu inayogawa mzigo. Unaiambia kikomo cha yadi ni kilowati 400 na kwamba lori namba tatu linatoka saa kumi alfajiri, nayo inalitanguliza hilo na kuyapunguzia mengine. Bila programu hiyo, madereva wakirudi saa moja jioni na wote wakachomeka kwa pamoja, yadi itagonga kilele saa ile ile ambayo nchi nzima iko kwenye kilele, na bili itakuja ikiwa na tozo ya mzigo wa juu itakayokufanya umchukie aliyekushauri.

Uhakika wa umeme ni jambo gumu zaidi, na sitalipitia juu juu. Mgao tunaujua. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani. Mwenye lori anauliza: siku kama hiyo, mzigo wa mteja ninaupeleka kwa nini? Jibu la kwanza liko ndani ya lori lenyewe. Betri ya uniti 600 inayotumia 260 kwa siku ina kazi ya siku ya pili tumboni. Usiku mmoja wa giza haulisimamishi. Saa mbili au tatu za kukatika zinafidiwa kwa kuanza kuchaji mapema au kwa transfoma iliyochaguliwa ikiwa na nafasi, ndiyo maana nimesema 500 badala ya 400. Jibu la pili ni kwamba dizeli nayo hukatika. Wakenya wanakumbuka foleni za vituo vya mafuta za Aprili 2022. Na pampu ya kituo cha mafuta huzunguka kwa umeme, jambo ambalo wabishi wetu hawalitaji.

Ila transfoma ikiungua na ikakaa siku tano bila kubadilishwa, majibu yangu yote mawili yameisha. Kwa hiyo sishauri mtu auze malori yake yote ya dizeli. Yadi yenye malori thelathini ikibadilisha nane, ina ishirini na mawili ya kuiokoa siku ya shida. Anayetaka kubadilisha yote kwa mpigo mmoja ana haraka ambayo hata Wazungu hawana.

Kuhusu safari ndefu, hapo wabishi wana haki yao. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Mombasa hadi Malaba ni kiasi hicho hicho. Kontena la Lubumbashi halitaondoka na lori la umeme mwaka huu wala mwaka ujao, na vituo vya barabarani kwa safari hizo vitahitajika kweli. Lakini tangu lini safari ndefu ikawa ndiyo kazi yote ya malori? Kuna makontena yanayotolewa bandarini kwenda kwenye vituo vya makontena vya mjini. Kuna saruji ya Athi River inayoingia Nairobi kila asubuhi. Kuna soda, bia, unga wa ngano na mabati, mizigo inayotoka kiwandani kwenda kwa wakala na kurudi siku hiyo hiyo. Kuukataa umeme kwa kazi za kilomita 150 kwa sababu hauwezi za kilomita 900 ni uvivu wa kufikiri, nami nasema hivyo kwa heshima.

Pingamizi lenye uzito zaidi sijalisikia kwa wabishi bali kwa msimamizi mmoja wa magari: malori yetu hayalali. Bandari inafanya kazi saa ishirini na nne, lori lina madereva wawili wa zamu, usiku wa saa nane uliousifu wewe liko kazini. Ni kweli kwa yadi nyingi. Lakini lori lisilolala husimama. Husimama getini, husimama mizani, husimama likisubiri nyaraka, husimama ghalani likisubiri forklifti. Swali ni saa ngapi na wapi. Na hilo halihitaji mshauri kutoka Ulaya, kwa kuwa malori mengi ya kontena tayari yana kifaa cha kufuatilia gari. Vuta kumbukumbu za miezi mitatu, panga kila lori kwa mahali liliposimama zaidi ya nusu saa. Utapata yadi yako, ghala la mteja wako mkubwa, na pengine sehemu ya tatu ambayo hukuitarajia. Ikiwa saa nyingi ziko kwa mteja, basi chaja yako ya kwanza iko kwa mteja, na mazungumzo ya kuanza nayo ni naye. Kazi hii ni ya jioni mbili za karani mwenye kompyuta, na ni wachache sana waliowahi kuifanya kabla ya kusema haiwezekani.

Nifike sasa kwenye zege, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea na ndipo mtu anaweza kujiandaa leo hata kama lori la kwanza atalinunua baada ya miaka mitano.

Kebo ya kuchaji ni nene, nzito na fupi. Nyingi ni za mita nne au tano. Tundu la kuchomekea kwenye lori, kwa matoleo mengi, liko ubavuni karibu na kichwa. Sasa fikiria semi inavyopakiwa: inarudi kinyumenyume hadi tela ligonge jukwaa la ghala. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12 na ushei. Aliyefunga chaja ukutani mwa ghala, kwa kuwa waya ulikuwa karibu hapo, atagundua siku ya kwanza kwamba tundu liko mbele huko, mita zaidi ya kumi kutoka kwenye kebo. Itabidi dereva akate tela kila mara, au chaja ihamishwe. Mahali sahihi ni katikati ya njia mbili za kuegesha, usawa wa kichwa. Lakini hapo ndipo malori yanapopinda, kwa hiyo chaja inataka kulindwa kwa nguzo za chuma zilizojazwa zege, zilizochimbiwa, za kuhimili bampa. Bomba la chuma lililochomelewa juu ya bamba halimzuii dereva aliyechoka saa tisa usiku.

Kufikisha waya hapo katikati kunahitaji mtaro. Kukata zege la yadi inayofanya kazi, kuchimba, kulaza waya, kurudisha zege na kulisubiri likauke kabla ya kukanyagwa na tani hamsini, ni wiki kadhaa za kufunga nusu ya yadi. Lakini yadi nyingi zetu hutiwa zege upya kila baada ya miaka kadhaa kwa sababu malori yameivunja. Siku hiyo, kabla ya kumwaga, laza mabomba matupu ya plastiki ya inchi nne hadi sita kutoka chumba cha umeme hadi kila safu ya maegesho, bomba moja la ziada kwa ajili ya waya wa mawasiliano, kamba ya kuvutia ndani yake, chemba kila kona, na midomo izibwe panya wasiingie. Gharama ya mabomba hayo, ukilinganisha na zege lenyewe, ni ndogo mno. Mkandarasi atakuuliza ya nini. Mwambie ya baadaye, umlipe.

Kuna mambo ya mahali petu ambayo michoro ya Ulaya haitakuonyesha. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwakuta watu wa Nairobi hadi Athi River. Kabati la umeme lililokaa sawasawa na lami ni kabati lililokufa, kwa hiyo linyanyuliwe juu ya msingi unaozidi alama ya maji ya mwaka ule. Mombasa na Dar kuna chumvi hewani inayokula bawaba na skrubu. Karibu na viwanda vya saruji vumbi huziba vichujio vya feni, na chaja ikikosa hewa hujipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue. Utalipia kilowati 120 upate 70, na muuzaji atasema ni jua. Kuhusu wezi wa shaba, mlinzi mmoja mwenye rungu hatoshi. Kebo iliyoning'inia usiku kwenye yadi isiyo na taa wala kamera itakatwa, na itakatwa ikiwa nzima tu, si kipande. Tangi la dizeli na mitungi ya gesi vikae mbali na chaja, nao zimamoto waone mchoro kabla ya ujenzi, wasije kuuona siku ya moto.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana: yadi nyingi si za wenye malori, ni za kupanga. Mtu ana mkataba wa miaka mitano, umebaki miwili, na anaulizwa atie transfoma, mitaro na zege kwenye ardhi ya mwingine. Akikataa simlaumu. Lakini hili ni suala la mkataba, halihusiani na betri wala gridi. Mwenye kiwanja akikubali kugharimia waya na transfoma na kuirudisha pesa kwenye kodi, atakuwa na kiwanja ambacho mpangaji wa baadaye atakigombea. Asipokubali, angalau mkataba mpya useme nani anamiliki nini siku ya kuhama: chaja huondoka na mpangaji, mabomba na zege hubaki, na transfoma, iliyogharimiwa na mteja, mara nyingi huhesabiwa kuwa mali ya shirika la umeme. Wanasheria wetu wanaandika kurasa mbili juu ya rangi ya ukuta, nusu ukurasa wa jambo hili hautawachosha.

Nisiwaache wauza chaja wakitabasamu. Wao nao wana imani yao iliyozoeleka, kwamba yadi iliyo tayari ni yadi yenye chaja kubwa kuliko zote. Sivyo. Chaja kubwa moja yenye midomo miwili ya kuokoa lori lililochelewa inafaa kuwapo. Zilizobaki ziwe ndogo na ziwe nyingi, za kulala nazo. Anayekuuzia kilowati 350 mara kumi bila kukuuliza malori yako yanarudi saa ngapi anauza chuma tu.

Serikali nayo haijasalimika. Kenya ilifanya jambo la maana Aprili 2023 ilipoanza kutumia bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Lakini bei hiyo iliwekewa kikomo cha uniti 15,000 kwa mwezi. Rudi kwenye malori yetu kumi yanayovuta uniti 2,900 kwa usiku: kikomo kinavukwa usiku wa sita wa mwezi. Kwa pikipiki na mabasi machache kilikuwa kikomo cha haki. Kwa malori ni mlango uliofunguliwa kisha ukawekewa kizingiti cha kifuani. Ikiwa mvuke wa Olkaria unaachiwa hewani usiku, sioni sababu ya kumwadhibu anayetaka kuununua kwa wingi saa zile zile. Sitalinganisha hapa na bei ya dizeli. Kenya hutangazwa upya kila tarehe 14, Tanzania kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hesabu ya leo itakuwa imechacha makala hii ikikufikia. Mwenye malori anajua lita ngapi anamwaga kwa siku. Afanye mwenyewe.

Ombi langu ni kwa TANESCO na Kenya Power. Uingereza, makampuni ya kusambaza umeme huchapisha ramani inayoonyesha ni laini zipi na vituo vipi vya kupozea umeme vina nafasi na vipi vimejaa, na baadhi yao hukubali mteja aombe kilowati nyingi usiku na chache mchana badala ya kiwango kimoja cha saa zote. Chapisheni ramani kama hiyo, hata ya Changamwe, Embakasi, Kurasini na Kibaha tu kwa kuanzia, na fomu ya maombi iwe na sehemu ya kujaza saa, si kilowati peke yake. Nawe mwenye yadi, usisubiri ramani. Peleka barua yenye hesabu ya usiku, uombe jibu la maandishi. Ukijibiwa kwamba transfoma ya mtaa wenu haina nafasi, hapo utakuwa na haki ya kusema umeme hautoshi.